Mikoko ya Manda Inapotafuta pa Kuhamia

Anayetaka kwenda Takwa kutoka Shela, kisiwani Lamu, huuliza kwanza habari za maji. Bahari ikijaa, mashua huvuka mlango wa bahari na kuingia katika mkono mwembamba wa bahari unaopenya ndani ya kisiwa cha Manda, mikoko ikiwa imesimama pande zote mbili. Bahari ikipwa, mkono huo hubaki tope, na nahodha asiyezijua saa zake hukwama na abiria wake hadi maji yarudi. Mwisho wa safari ni magofu: ukuta wa mji, misingi ya nyumba za mawe, mibuyu, msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lenye tarehe inayoangukia 1681 au 1682 Miladia.

Takwa ni mahame. James Kirkman alichimba hapo mwaka 1951, na tangu hapo wataalamu wamejadili kwa nini watu waliuacha mji uliojengwa kwa bidii kiasi kile. Wapo wanaotaja uadui na mji wa Pate. Lakini sababu inayorudiwa mara nyingi zaidi ni maji ya visima kuingia chumvi. Wenyeji walivuka wakaenda kukaa Shela, na watu wa Shela wameendelea kurudi Takwa kwa ziara, wakasoma dua kaburini na kuomba mvua.

Watu wa Takwa walikuwa na mashua, na ng'ambo ya mlango walikuta vilima vya mchanga vyenye maji matamu chini yake. Makala haya yanahusu viumbe wasio na mashua, ambao hali ya hewa waliyoizoea inawakimbia na hawana budi kuifuata kwa miguu, kwa kuchimba, au kwa mbegu inayoelea. Wengine wana pa kwenda. Wengine wanazibiwa njia huku tukitazama, na Manda ni mahali ambapo njia bado inaweza kuachwa wazi.

Tuanze mbali na bahari, mlimani, kwa sababu huko ndiko jambo hili limepimwa vizuri na kwa muda mrefu. Kila anayepanda mlima anajua kuwa baridi huongezeka kadiri anavyopanda. Kwa wastani joto hupungua nyuzijoto 6 hivi kwa kila mita 1,000. Ugeuze hesabu hiyo: dunia ikipata joto la nyuzi 1 zaidi, mnyama anayetaka kubaki katika baridi ileile aliyozaliwa nayo atalazimika kupanda mita 160 hivi. Kwa tembo hayo ni matembezi ya asubuhi. Kwa panya anayeishi na kufa katika kipande cha ardhi kisichozidi kiwanja cha mpira, hiyo ni kazi ya vizazi.

Kati ya mwaka 1914 na 1920, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha California, Joseph Grinnell, na wenzake walipita katika milima ya Yosemite, Marekani, wakitega mitego na kuandika kila mnyama mdogo waliyemkuta na kimo alichokutwa. Grinnell alikuwa mtu wa daftari. Hakujua nini kitatokea, lakini aliandika kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa. Karibu karne moja baadaye watafiti wa chuo hichohicho walirudi na madaftari yale mkononi, wakatega palepale. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya aina 28 za wanyama wadogo walizofuatilia, karibu nusu zilikuwa zimepanda juu, kwa wastani wa mita 500 hivi, na baridi ya usiku ilikuwa imepungua kwa nyuzijoto 3 hivi. Miongoni mwao alikuwemo kindi mdogo wa vileleni, mwenye mistari mgongoni, ambaye mpaka wake wa chini ulikuwa umepanda mita mia kadhaa. Wa chini walipata nafasi zaidi huku juu. Yeye aliyekwisha kuwa juu alipunguziwa nyumba.

Huku kwetu Afrika Mashariki, jirani wa karibu zaidi wa kisa hicho yuko katika milima ya Bale, Ethiopia. Ni fuko mkubwa, mnyama wa karibu kilo moja, asiyepatikana popote pengine duniani. Huishi kati ya mita 3,000 na 4,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Hula kwa namna yake: hutoboa tundu, akatoa kichwa na nusu ya kiwiliwili, akayavuta majani yote yanayofikiwa na meno yake pande zote za tundu, kisha akarudi nayo chini na kuziba mlango. Huwa hatoki nje zaidi ya hapo akiweza, maana mbwamwitu wa Ethiopia anamvizia. Mbwamwitu huyo, ambaye wakubwa wa jamii yake hawafiki 500 duniani kote, humtegemea fuko huyu kuliko windo jingine lolote huko Bale. Akipungua fuko, mbwamwitu naye hana chakula.

Hatari ya fuko wa Bale iko katika umbo la mlima wenyewe. Sehemu kubwa ya makao yake ni uwanda wa Sanetti, ardhi pana iliyolala katika kimo cha mita 4,000 hivi. Juu ya uwanda huo vipo vilele vichache tu, na kirefu kuliko vyote, Tullu Dimtu, kina mita 4,377. Maana yake ni kwamba joto linaweza kupanda miaka na miaka na bado uwanda ukaonekana mpana wa kutosha, hadi siku hali ya hewa anayoihitaji itakapopita juu ya uwanda, na hapo kitakachobaki ni vilele viwili vitatu. Chini nako hakukaliki: mashamba ya shayiri na makundi ya ng'ombe na kondoo yanapanda mlima mwaka hadi mwaka. Fuko amebanwa katikati, joto likitoka chini, mkulima akitoka chini, na juu hakuna ardhi.

Mlima Kenya nao una mafuko wake katika nyika za baridi juu ya msitu wa mianzi, na panya wa majani wanaokaa humo. Barafu ya Lewis, waliyoizoea wapanda mlima wa miaka ya 1930, sasa imesinyaa imekuwa kipande. Panya hawakai juu ya barafu, lakini barafu na panya wanaitegemea baridi ileile.

Tuje sasa visiwani. Kati ya Australia na Papua New Guinea, katika mlangobahari wa Torres, kuna kisiwa kidogo cha mchanga na matumbawe kiitwacho Bramble Cay. Ukubwa wake ni hekta chache tu, na sehemu yake ya juu kabisa haizidi mita 3 juu ya usawa wa bahari. Hapo aliishi panya wa rangi ya hudhurungi, mwenye mkia mrefu, ambaye hakuwahi kuonekana mahali pengine popote. Wanamaji wa Uingereza walimwandika mwaka 1845, wakati kisiwa kilipokuwa kimejaa wanyama hao. Bahari ilipopanda, maji ya dhoruba yakaanza kufunika kisiwa mara kwa mara, yakaua majani aliyokula na aliyojificha ndani yake. Mwaka 2004 kisiwa kilikuwa na hekta 2 na kitu za mimea. Mwaka 2014 mimea hiyo haikufika hata sehemu ya kumi ya hekta. Mvuvi mmoja alimwona panya huyo mwishoni mwa mwaka 2009, na hakuna aliyemwona tena. Watafiti walitega mitego na kamera mwaka 2014, wakarudi mikono mitupu. Februari 2019 serikali ya Australia ilitangaza kwamba ametoweka. Anatajwa kuwa mnyama wa kwanza mwenye kunyonyesha aliyemalizwa na mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu.

Huyo hakuwa na mlima wa kupanda. Wakazi wa visiwa vya Lamu wasiione habari hii kuwa ya mbali, maana visiwa vyetu vimelala chini, na kiumbe anayepaswa kuhama hapa ndiye anayebeba maisha ya wengine wote: mkoko.

Kenya ina hekta 61,000 hivi za mikoko, na zaidi ya nusu yake, hekta 37,000 hivi, iko katika kaunti ya Lamu. Hakuna kaunti nyingine inayokaribia. Nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyake vyembamba umefuata urefu wa boriti hizo. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia korja kwa korja za boriti na kuondoka na Kusi kwenda Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kuezekea. Usafirishaji huo ulipigwa marufuku na serikali mwaka 1982. Biashara ya ndani iliendelea hadi amri ya Februari 2018 iliposimamisha ukataji wa miti nchini, mikoko ikiwemo, na wakataji wa Lamu wakajikuta ghafla hawana kazi.

Kuelewa mkoko unavyohama, itakubidi uingie msituni maji yakiwa yamepwa. Katika mpangilio wa kawaida wa pwani yetu, mti unaokaa mbele kabisa, unaopokea mawimbi, ni mlilana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi mirefu inayoshuka kutoka kwenye shina na matawi ikajishika topeni. Ndani zaidi ni muia na mkandaa. Na mwisho kabisa, kwenye ardhi ngumu inayofikiwa na maji ya bamvua tu, ni mchu, ingawa mchu huonekana pia huku mbele. Lamba jani la mchu utakuta chumvi: mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, ndiyo maana huvumilia mahali ambapo jua limekausha maji na kuacha ardhi nyeupe.

Kila mti una saa zake za maji. Mlilana unavumilia kufunikwa kila siku. Mchu wa nyuma ungekufa kwa kufunikwa kiasi hicho. Kwa hiyo msitu wa mikoko umepangwa kwa kimo vilevile kama mlima ulivyopangwa, isipokuwa kwamba mlimani tofauti za kimo ni za mita elfu, na hapa zote zimo ndani ya mita 3 hivi, ambayo ni tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua Lamu. Mahali ambapo ulimwengu mzima wa mti umo ndani ya mita 3, sentimita 20 si kitu kidogo. Na sentimita 20 hivi ndicho kiasi ambacho bahari za dunia zimepanda tangu mwanzo wa karne ya 20.

Mti hauwezi kuondoka, ila msitu unaweza. Mbegu ya mkoko huota ingali mtini. Huning'inia ikiwa na mzizi wake tayari, kijani, nene chini na nyembamba juu, na ile ndefu hupita nusu mita. Siku yake ikifika hudondoka. Maji yakiwa yamepwa huenda ikachoma tope na kusimama palepale chini ya mama yake. Maji yakiwa yamejaa huelea, wiki kadhaa ikibidi, hadi iguse ardhi inayofaa. Kwa njia hiyo kizazi kimoja hufa kikiwa mbele, kingine kikaota nyuma, na ukirudi baada ya miaka 50 utakuta msitu umesogea bila mti hata mmoja kusogea.

Lakini kabla ya kusogea, mikoko ina njia nyingine ya kuikabili bahari: kupanda papo hapo. Mizizi hunasa mchanga na tope, majani na mizizi iliyokufa hujilimbikiza, na sakafu ya msitu huinuka kidogo kidogo. Bahari ikipanda polepole, sakafu hupanda nayo. Kasi ndiyo inayoamua. Mwaka 2020 timu ya wanasayansi ilichapisha uchunguzi wa ushahidi wa mikoko ya kale kutoka maeneo 78 duniani, ya miaka 10,000 iliyopita. Waliona kuwa bahari ikipanda zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, kuna uwezekano mkubwa mno kwamba mikoko itashindwa kuinua sakafu yake kwa kasi hiyo. Kati ya mwaka 2006 na 2018 bahari ilikuwa ikipanda kwa milimita 3.7 kwa mwaka, na kasi hiyo inaongezeka.

Na Manda ina udhaifu wake yenyewe. Hakuna mto. Mikoko ya delta ya Tana huletewa tope kutoka bara, ingawa hata huko mabwawa ya juu, Masinga na mengineyo, yanalizuia sehemu yake. Mikoko ya Manda haina anayeiletea. Inajijenga kwa mizizi yake yenyewe na kwa mchanga mchache unaobebwa na maji ya bamvua. Wala tusifikiri kwamba tope jingi ni dawa: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kiasi kwamba mikoko ya Mwache, Mombasa, ilizibwa mizizi ya kupumulia ikafa kwa mamia ya hekta. Mti huu unataka kiasi, na kiasi ndicho tabianchi mpya inachokiondoa.

Kwa hiyo inabaki njia ya kurudi nyuma. Ardhi ya Manda ni tambarare sehemu nyingi, na hilo lina mazuri na mabaya yake. Chukua ufuo unaoinuka mita 1 kwa kila mita 500 kuelekea ndani. Bahari ikipanda sentimita 20, maji ya bamvua yatafika mita 100 ndani zaidi kuliko zamani. Kwa mchu na mkandaa hizo ni mita 100 za makao mapya, zawadi kubwa, iwapo mbegu zitakuta ardhi tupu. Hivyo ndivyo mikoko ilivyookoka mara zote bahari ilipopanda katika maelfu ya miaka iliyopita. Hapakuwa na ukuta.

Sasa kuta zipo, na zinaongezeka. Manda ina uwanja wa ndege unaohudumia Lamu yote. Ina hoteli na nyumba za kifahari zinazotazama Shela. Ina Maweni, kijiji cha watu waliokuja kuchonga mawe ya matumbawe ya kujengea, watu ambao wameishi miaka mingi kwa maji ya mvua yanayovunwa katika jabia na maji ya kuletwa kwa mashua. Na ina viwanja vilivyopimwa, vikagawanywa, vikauzwa, vingine kwa watu ambao hawajawahi kukaa huko hata kwa msimu mmoja. Upande wa bara wa ghuba ya Manda gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021. Mikoko ilikatwa kuipisha bandari na bahari ikachimbwa kuongezwa kina. Miaka mitatu kabla ya hapo, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Bandari italeta watu, watu watataka ardhi, na ardhi inayotazama bahari ndiyo ya kwanza kununuliwa.

Kujikinga na bahari kwa mawe si jambo geni Manda. Neville Chittick, aliyechimba mahame ya mji wa Manda katika miaka ya 1960 na 1970, alionyesha kuwa mji huo ulianza karne ya 9 na ulikuwa na kuta za baharini zilizojengwa kwa mapande ya matumbawe, mengine mazito kufikia tani moja. Waliojenga kuta hizo walikuwa wakilinda mji wao, na hakuna wa kuwalaumu. Ila ukuta anaoujenga mwenye kiwanja leo nyuma ya mikoko unafanya kazi mbili kwa pamoja. Unazuia maji yasiingie uani kwake, na unauzuia msitu usirudi nyuma. Bahari inausukuma mbele, ukuta unaukataza nyuma, na ukanda wa miti unazidi kuwa mwembamba mwaka hadi mwaka hadi siku moja mawimbi yanafika kwenye ukuta wenyewe yakiwa na nguvu zao zote. Mwenye kiwanja atakuwa ameuondoa ulinzi wake kwa mikono yake. Hali yake na ya fuko wa Bale ni moja: fuko anabanwa kati ya joto na shamba la shayiri, mkoko unabanwa kati ya bahari na ua wa mawe.

Hapa sheria inahitaji kutazamwa. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na leo iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Jambo hilo ni la kushukuriwa, kwani bila hilo sehemu kubwa ingekuwa imekwisha. Lakini ulinzi huo umeshikamana na mahali miti ilipo. Mahali miti itakapohitaji kuwa baada ya miaka 40, pale nyuma, penye mchanga mweupe na vichaka vya miiba, pana hati miliki ya mtu. Tunaulinda msitu na tunauza njia yake.

Hata juhudi nzuri za kupanda mikoko zinaweza kukosea hapa. Katika pwani nyingi duniani watu wa nia njema wamepanda mbegu ndefu za mkoko, kwa kuwa ni rahisi kuokota na rahisi kuchomeka, wakazipanda mbele kwenye tope tupu ambako maji hukaa muda mrefu, na nyingi zimekufa. Mahali pa kufanyia kazi sasa ni nyuma, na miti ya kufikiriwa ni mchu na mkandaa, miti isiyopendeza sana kwenye picha. Mara nyingi hata kupanda hakuhitajiki. Inatosha kuondoa kizuizi, kufungua mfereji uliozibwa na barabara au kifusi, na kuacha maji ya bamvua yalete mbegu yenyewe.

Uwezo huo upo katika pwani yetu. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, jamii kwa kushirikiana na watafiti wa bahari, miongoni mwao James Kairo wa taasisi ya KMFRI, ilianza mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Pesa zake zimeingia katika maji na shule za kijiji. Vanga ikafuata. Huku Lamu, akina mama wa Mtangawanda, kisiwani Pate, wameotesha vitalu na kurudishia miti palipokatwa. Na watu wa Lamu wamekwisha kuonyesha kuwa wanaweza kusimama mbele ya mambo makubwa: mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, baada ya wenyeji kuupinga kwa miaka. Mtambo ule ungechoma makaa ili kuongeza joto lilelile linaloinua bahari mbele ya mikoko yao.

Msitu ukibanwa, hauangamii peke yake. Samaki wachanga hukulia kati ya mizizi. Kaa wakubwa wa mikokoni, wanaonunuliwa kwa bei nzuri, huchimba matope yake. Nyuki hufuata maua ya mchu. Mikoko hupunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika penye nyumba, na chini yake imelala hewa ya ukaa ya karne nyingi, nyingi kwa hekta kuliko inayohifadhiwa na misitu mingi ya bara. Maji matamu nayo yamo katika hesabu. Yale yaliyo chini ya mchanga wa visiwa hivi yameelea juu ya maji ya chumvi, na bahari inapopanda na kula ufuo, nafasi yake inapungua. Wa Takwa, ikiwa ni visima vilivyowahamisha, walilijua hilo tangu karne ya 17.

Sidai kwamba Manda isijengwe. Maweni wanastahili maji ya bomba, shule na zahanati, na kijana wa Lamu anastahili kazi. Ninachosema ni kwamba kisiwa hiki bado kina ardhi tupu nyuma ya mikoko yake, jambo ambalo Mombasa imekwisha kulipoteza na Bramble Cay haikuwahi kuwa nalo. Mstari unaweza kuchorwa kwenye ramani leo kwa gharama ya wino. Baada ya kila kiwanja kujengwa, utachorwa kwa fidia na kesi, kama utachorwa kabisa.

Hivyo nawaomba watu watatu. Serikali ya Kaunti ya Lamu, inapopanga matumizi ya ardhi ya Manda, itenge ukanda nyuma ya mikoko yote, upana wake upimwe kwa mwinuko wa ardhi na si kwa hatua za kukadiria, na pasitolewe kibali cha ukuta ndani ya ukanda huo. Huduma ya Misitu ihesabu njia ya msitu kuwa sehemu ya msitu, na wapimaji wake watembee nyuma ya miti kama wanavyotembea mbele. Na wewe unayekusudia kununua kiwanja Manda, nenda ukakione wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Ukikuta miche ya mchu imeanza kuota ndani ya mawe ya mpaka, usiing'oe. Jenga nyuma yake.